Jinsi Ghorofa ya Narendra Ilivyotekwa

Katika senta ya Mkhusi, mwendo wa nusu saa kwa lori kutoka Ikungi ukifuata barabara ya Dodoma, hakuna aliyekuwa hajui kwamba Antipasi Mughenyi alipigana vita vikuu vya Wazungu. Watoto walijua, wakwe zake walijua, hata katekista aliwahi kumtaja kanisani siku ya kuwaombea marehemu, ingawa Antipasi mwenyewe alikuwa ameketi benchi la tatu akiwa mzima wa afya. Mtu pekee aliyekuwa na mashaka ni mke wake, Luciana, na yeye hakuwa na mashaka hasa. Alikuwa anaujua ukweli.

Ukweli ni kwamba Antipasi alikuwa Keya kweli, askari wa jeshi la Waingereza, na namba yake ya jeshi aliweza kuitaja hata ukimwamsha usingizini. Lakini miaka yote mitatu ya utumishi wake aliimaliza Nairobi, katika mesi ya maofisa, yaani bwalo lao la kulia, akibeba sinia. Hakuwahi kupiga risasi ila siku mbili za mafunzo, na zote mbili alikosa shabaha.

Sasa katika mesi hiyo walikuwako maofisa watano waliorudi kutoka vita vya miji ya Ulaya, wawili wakichechemea, wote wakisubiri kupangiwa kazi na wote wamechoka kusubiri. Kila siku baada ya chai ya alasiri walimwaga mchanga juu ya meza kubwa, wakapanga viberiti vitupu viwe nyumba, wakaweka punje za njegere ziwe askari, wakarusha dadu. Meja mmoja mzee aliyeshika penseli nyekundu alikuwa mwamuzi. Walicheza vita vya kusafisha nyumba, yaani kumtoa adui chumba kwa chumba. Waligombana juu ya kila chumba kama watu wanaogombea shamba la urithi. Antipasi alisimama ukutani na birika mkononi. Hakuna aliyemwangalia. Baada ya miezi sita alikuwa anaujua mchezo ule kuliko maofisa wawili kati ya wale watano.

Aliporudi nyumbani, watu walimkaribisha kwenye pombe wakamwuliza vita vilikuwaje. Akaanza kueleza aliyoyasikia. Mwanzoni alisema "wale walipoingia ndani". Kibuyu cha pili kilipofika, "wale" wakawa "sisi", na kabla hakijaisha, "sisi" ikawa "mimi". Hakukusudia. Ila maneno yakishatoka mbele ya watu ishirini ni vigumu kuyarudia na kuyasahihisha, na miaka ishirini na sita ikapita hivyo.

Mwaka 1972, mavuno ya uwele yalipokwisha kuingizwa ndani, ikaja amri kwamba kila kijiji kiwe na mgambo. Akaletwa mkufunzi, Sajini Nathanaeli, kijana wa Kiomboi, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Sajini alijua gwaride, alijua kutambaa, alijua kufunga na kufungua bunduki ya kweli, ijapokuwa pale Mkhusi aliletewa bunduki za mti tu. Shida yake ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu chake. Ukurasa huo ulihusu vita vya nyumba. Ulikuwa na mistari kumi na mchoro wa jengo la ghorofa nne lenye ngazi ya chuma ubavuni, na baada yake kitabu kikahamia kwenye kuvuka mito. Ratiba kutoka wilayani ilisema vita vya nyumba vifundishwe kwa majuma mawili.

"Mistari kumi," alimwambia mwenyekiti wa kijiji, Melkiori. "Nikiisoma polepole sana inakwisha kabla jasho halijakauka."

"Mbona tunaye mtu," akasema Melkiori. "Huyo alisafisha miji mizima."

Antipasi alipoitwa ofisini alikuwa anatengeneza boma la ng'ombe. Njiani alijiambia atasema kweli. Alijiambia hivyo hadi mlangoni. Lakini Sajini aliposimama kwa heshima na kumwamkia shikamoo mzee, kisha akamvutia kiti, mdomo wa Antipasi ulifunguka wenyewe.

"Vita vya nyumba, afande, haviendi kwa nguvu," alisema. "Nipe meza, nipe mchanga, nipe viberiti vitupu na dadu."

Meza ilichukuliwa kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Viberiti na dadu vilitoka kwa Narendra, mwenye duka. Narendra alizitoa dadu kwenye ludo ya watoto wake kabla hajaulizwa mara ya pili, kwa sababu siku hizo mtu mwenye duka kubwa alijifunza kutoa haraka kila kilichoombwa na ofisi. Na duka lake lilikuwa kubwa. Prabhudas, marehemu baba yake, alilijenga likiwa na ghorofa moja juu, na kutoka hapo hadi Ikungi hakuna nyumba nyingine iliyokuwa na ngazi.

Asubuhi ya kwanza mgambo kumi na wanane walizunguka meza nje ya ofisi. Antipasi alikuwa na woga, lakini mikono yake ilikumbuka. Alichora barabara mchangani, akapanga viberiti sita kando yake kama Meja alivyokuwa anapanga, akaweka punje za mtama mwekundu ziwe mgambo na njugu mawe ziwe adui. Halafu akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza sauti yake ilizidi kupata nguvu.

"Mlango ni kaburi. Adui anautazama mlango tangu asubuhi. Toboa ukuta, au pita juu. Anza juu ushuke chini, maana aliyeko juu anakudondoshea kitu na wewe huwezi kumdondoshea. Mnaingia wawili wawili, wa kwanza kona ya kushoto, wa pili kona ya kulia, msisimame katikati. Ukiwa ndani usikae dirishani. Kaa nyuma kabisa, penye giza, utamwona wa nje naye hakuoni. Chumba kikiwa salama, piga alama ya chaki mlangoni, acha mlinzi, nenda kinachofuata."

Akaeleza na dadu. Anayeingia kwa mlango anakufa asipopata sita. Anayetoboa ukuta anapona kuanzia tatu. Sajini aliandika yote kwenye daftari, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Nani atakuwa Mreno?" akauliza Melkiori, maana adui wa siku hizo alikuwa Mreno wa Msumbiji.

Wanaume kumi na wanane walitazama chini. Mmoja alikumbuka kwamba kiatu chake kimefunguka, ingawa alivaa katambuga zisizo na kamba. Ndipo akaja Theodora, mwalimu wa watu wazima, aliyekuwa anaitafuta meza yake.

"Nitakuwa mimi," akasema alipoelezwa. "Ila meza irudi darasani kabla ya saa kumi."

Theodora alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane, mtu wa maneno machache. Aliuliza sheria mara moja tu. Akazipanga njugu mawe zake akiwa amewapa watu mgongo, akafunika viberiti, akasema tayari.

Antipasi alituma punje mbili nyumba ya kwanza, kwa juu. Ilikuwa tupu. Akapiga chaki, akaacha mlinzi. Nyumba ya pili ilikuwa tupu. Akaacha mlinzi. Ya tatu, ya nne na ya tano hivyo hivyo, na mgambo walikuwa wanacheka, wakisema Mreno amekimbia. Alipofika nyumba ya sita alikuwa amebakiwa na punje mbili. Theodora akafunua kiberiti. Njugu mawe zote nane zilikuwa humo.

"Mzee," alisema bila kujivuna, "askari wako wote wanalinda nyumba tupu."

Walirudia mchezo. Safari hii Antipasi hakuacha walinzi. Alifagia barabara yote kwa nguvu moja, na alipogeuka akakuta njugu mawe zimezunguka nyuma ya nyumba na kuketi kwenye viberiti ambavyo alikwisha kuvipiga chaki. Mgambo waliacha kucheka.

Antipasi alikumbuka neno la Meja, kwamba mji unakula askari, ukiwaacha nyuma unawakosa mbele, usipowaacha unashambuliwa mgongoni. Wakati ule alidhani Mzungu yule analalamika tu kwa sababu ya umri. Sasa alisimama mbele ya mwalimu wa watu wazima, jasho likimtoka kwenye upepo wa baridi, akagundua kwamba ilikuwa elimu.

"Nina swali," akasema Theodora. "Wenye nyumba hizi wako wapi?"

Hilo halikuwahi kuulizwa Nairobi. Antipasi aliangalia viberiti. "Wamehama."

"Wamehamia wapi?"

"Andika raia wamehamishwa," akasema Sajini, naye mwenyewe akaandika.

Theodora aliomba uwele kidogo kwa mama aliyekuwa anapepeta karibu na hapo, akatia punje moja ndani ya kila kiberiti. "Huyu ni bibi ambaye hakuhama," akasema. "Nyumba zangu zote zina bibi ambaye hakuhama. Atakayemwua ameshindwa, hata kama nyumba ameipata."

Walibishana hadi saa kumi, meza ikarudishwa darasani. Lakini kuanzia kesho yake wakacheza hivyo, kwa sababu bila Theodora hawakuwa na adui, na Theodora hakukubali kucheza vingine. Kwa majuma mawili alishinda michezo kumi na mmoja kati ya kumi na miwili. Ule mmoja alioshindwa, mwanafunzi wake alikuwa amekuja kuomba ruhusa ya kwenda msibani, naye hakutazama vizuri dadu.

Nyumbani, Luciana alisikiliza habari hizi akiwa anasonga ugali.

"Unawafundisha wanaume kusafisha nyumba," alisema.

"Ni lugha ya jeshi."

"Nimesikia. Ukimaliza huko, hata hapa pana vumbi."

Taarifa ya Sajini haikutaja michezo kumi na mmoja. Ilisema mafunzo ya vita vya nyumba yanaendelea vizuri chini ya mpiganaji mzoefu, na kwamba adui anatoa upinzani mkali. Taarifa ikapanda wilayani, ikapanda tena, na juma la tatu likaja jibu: Mkaguzi kutoka mkoani atakuja kuona zoezi lenyewe, si la mezani, bali la nyumba ya kweli, tena ya ghorofa. Atakuja na mpiga picha. Kwa ajili ya picha, mgambo kumi wataazimwa jozi kumi za mabuti mapya, yatakayorudi na gari lile lile.

Narendra aliombwa nyumba yake, na kama kawaida akakubali haraka. Kisha akasugua mikono.

"Kuna jambo moja tu, ndugu mwenyekiti. Mama hashuki."

Mama yake aliitwa Chanchal. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, magoti yalimsumbua, na tangu masika alikuwa hajatia mguu kwenye ngazi. Chakula chake kilipikwa juu, sala zake zilifanyika juu, na aliyetaka kumwona alipanda.

"Si neno," akasema Sajini baada ya kufikiri. "Atakuwa raia."

Siku ya zoezi, Mkaguzi aliketi chini ya turubai ng'ambo ya barabara, mtu mnene mpole aliyevaa suti ya mikono mifupi, na nusu ya wilaya ilisimama nyuma yake. Sajini alikuwa mwamuzi, na penseli nyekundu aliitafuta Singida nzima hadi akaipata. Theodora na wanawake wawili wa darasa lake walikuwa wameingia ndani ya ghorofa tangu saa mbili. Ishara ya ushindi ilikuwa bendera kutokeza kwenye dirisha la juu.

Antipasi aliongoza mgambo tisa. Sheria zake zilimtaka aanze juu, kwa hiyo iliegemezwa ngazi ndefu ya misheni kwenye roshani ya nyuma, na watu wote walingoja apande. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba maofisa wa Nairobi hawakuwahi kupanda kitu. Walisogeza njegere kwa kidole. Yeye alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mabuti ya kuazima yalimbana. Alipanda akitazama ukuta. Alipofika juu, mbele yake sakafu yote ya roshani ilikuwa imetandikwa vitambaa vya pilipili na tambi zinazokauka. Hapakuwa na pa kukanyaga ila njia nyembamba iliyoelekea mlango wa chumba.

Mlango ulikuwa wazi. Mlango ni kaburi, alikwisha kusema hivyo mara nyingi. Lakini kutoboa ukuta wa Narendra hakukuwa kwenye makubaliano. Akaingia, akaenda kona ya kushoto, kama ilivyotakiwa.

Katika kona hiyo palikuwa na kirafu cha sala, taa ndogo ya mafuta ikiwaka na maua mbele yake. Katikati ya chumba, kwenye stuli, bibi kizee wa Kihindi mwenye sari nyeupe alikuwa anachagua mchele kwenye sinia. Aliinua macho.

"Shikamoo, mama," akasema Antipasi, bunduki ya mti mkononi.

"Marahaba," akajibu Chanchal. "Viatu."

Antipasi alitazama miguu yake, akaitazama taa. Akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akavua mabuti. Aliyemfuata alikuwa amefundishwa kufanya kila anachofanya wa kwanza, kwa hiyo naye alivua, na wa tatu akavua, hadi wote kumi. Jozi kumi za mabuti zilipangwa vizuri kwenye roshani, pembeni mwa pilipili. Mmoja akapiga alama ya chaki kwenye mwimo wa mlango kuonyesha kwamba chumba ni salama.

"Nani anachora nyumba yangu?" akauliza Chanchal.

Aliyechora akafuta kwa mkono wa shati.

"Kaeni," akasema bibi. "Narendra aliniambia wageni wanakuja. Chai iko tayari tangu zamani. Mmechelewa."

Wakakaa chini kwenye mkeka, kwa sababu hakuna aliyejua sheria ya kumkatalia mama mtu mzima nyumbani kwake. Chanchal alijaribu kunyanyuka, magoti yakakataa, akarudi kwenye stuli. Juu ya meza palikuwa na birika, maziwa, vikombe vya kauri na sahani ya chauro, mchanganyiko wa tambi za kukaanga na karanga.

Antipasi hakufikiri. Mwili wake ulikwenda wenyewe. Alichukua kitaulo, akakikunja mara tatu, akakilaza juu ya mkono wa kushoto. Akainua sinia kwa ncha za vidole. Akaanza na bibi, akasimama kulia kwake, akainama kwa kipimo kile kile cha Nairobi, akamimina chai kutoka juu bila tone kuanguka, akageuza kikombe mpini uelekee mkono wa bibi. Akazunguka mkeka wote hivyo, mgambo mmoja mmoja, akitembea bila sauti kwa miguu mitupu. Chanchal alimtazama kwa kuridhika. Muda mrefu alikuwa hajahudumiwa na mtu anayejua kazi.

Alipogeuka, Theodora alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, ule wa kutokea ngazini. Alikuwa amesimama hapo kwa muda. Aliangalia kitaulo, akaangalia mkono ulioshika birika.

Akamsogelea, akasema kwa sauti ndogo ambayo wale kwenye mkeka, waliokuwa wanatafuna chauro, hawakuisikia. "Mzee. Wewe ulikuwa mesi."

Miaka ishirini na sita. Antipasi alingoja aibu ije. Ilikuja, lakini ilikuja imeandamana na kitu kingine kilichofanana na kupumua.

"Ndiyo, mwalimu," alisema. "Nilikuwa mesi."

"Basi nimiminie na mimi," akasema Theodora. Alipokwisha kunywa, alikirudisha kikombe kwenye sinia na kuinua sauti. "Ndugu zangu, naomba mjisalimishe. Wenzangu wamepitia roshani ya pembeni, mabuti yenu yote yako chini ghalani, na mlango wa ghala nimeufunga."

Mgambo walitazama nje. Roshani ilikuwa na pilipili na tambi tu. Mmoja akauliza kama anaweza kumaliza chai kwanza, naye akaruhusiwa.

Ng'ambo ya barabara, dakika arobaini zilikuwa zimepita. Mkaguzi alikuwa hajasikia kelele, hajaona kioo kuvunjika wala mtu kuanguka. Sajini alikuwa ametafuna ncha ya penseli nyekundu. Ndipo dirisha la juu likafunguka, kitambaa kikatokeza na kupepea, na nusu ya wilaya ikapiga makofi. Mpiga picha akapiga picha mbili.

Kilikuwa kitenge cha Theodora.

Katika ofisi ya kijiji, wakati wa pilau, Mkaguzi alisema hajaona zoezi kama lile tangu aanze ziara. Jengo zima limechukuliwa bila kuharibu mali, na raia wa jengo amehudumiwa chai na wapiganaji wetu. Hii ndiyo tofauti kati ya jeshi la wananchi na jeshi la wakoloni.

Theodora akanyoosha mkono. "Samahani, ndugu Mkaguzi. Jengo halikuchukuliwa. Mgambo wote kumi walitekwa. Ishara iliyotoka dirishani ni kitenge changu."

Mkaguzi alimtazama kwa upole. "Wewe ulikuwa nani, mwalimu?"

"Adui."

"Basi unaona," akasema Mkaguzi. "Adui hawezi kutuletea taarifa ya ushindi tukaiandika. Tutakuwa watu wa namna gani?"

Sajini alikuwa anatazama kalamu yake. Melkiori alikuwa anatazama Sajini. Antipasi akasimama. Hakujua kwamba atasimama hadi alipojikuta amesimama, akiwa bado hana viatu, kwa sababu ghala lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa kwenye kitenge cha Theodora.

"Mwalimu anasema kweli," alisema. "Na kuna kweli nyingine. Mimi sikupigana vita. Sikuwahi kuingia nyumba yoyote ya adui. Nilikuwa Nairobi, mesi ya maofisa, nabeba chai. Wao walikuwa wanacheza vita mezani, mimi nasikiliza. Niliyowafundisha hawa yote niliyasikia hapo."

Melkiori alifumba macho kama mtu aliyeonyeshwa jeraha. Mkaguzi aliweka uma chini polepole.

"Walikuwa wanajua kwamba unasikiliza?"

"Hapana. Mimi nilikuwa boi tu."

"Kwa muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu," akarudia Mkaguzi, akiwageukia wengine. "Ndugu zangu, mnasikia? Miaka mitatu Mwafrika huyu amesimama katikati ya maofisa wa Kiingereza, akachukua mbinu zao zote kichwani, akawaletea ninyi hapa. Na miaka ishirini na sita amejificha nyuma ya hadithi za pombeni ili asijulikane."

"Nilikuwa namimina chai," akasema Antipasi.

"Ndivyo inavyofanyika," akasema Mkaguzi, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Ilimteua Antipasi Mughenyi kuwa mkufunzi wa vita vya nyumba, akaanzie Iramba, makao yake Kiomboi. Picha ilikuja na barua. Ilionyesha ghorofa, dirisha, na kitambaa kinachopepea, na kwa kuwa picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, kila mtu aliyeitazama aliona bendera.

Antipasi alikwenda kwa Theodora kabla ya safari. Alimkuta anafuta ubao.

"Nimeomba uje uwe adui kule," alisema. "Wamekataa. Wamesema kule watampata adui wao."

"Nina darasa," akasema Theodora. "Na hata hivyo nimechoka kuwa adui. Kushinda ni kazi ngumu, na haihesabiwi."

Antipasi alisita. "Mwalimu, wewe uliniona mesi kabla sijasema. Mbona siku ile ofisini hukunitaja?"

Theodora alipangusa vumbi la chaki mikononi. "Nani angeniamini, mzee? Hata wewe mwenyewe ulipojitaja hukuaminika."

Luciana alimfungia mashati mawili na kitaulo. Alipomsindikiza hadi kwenye lori alimwomba, akirudi, asirudi akiwa jenerali, maana nyumba ilikuwa ndogo.

Kiomboi walimpa chumba kizuri, meza mpya, mchanga uliochekechwa na viberiti ishirini. Mgambo walikuwa vijana wasikivu waliosimama kila alipoingia. Alianza somo kwa kuwaambia wazi kwamba yeye hakupigana, alikuwa mtumishi wa mezani. Waliandika hilo kwenye madaftari yao na kulipigia mstari, kwa sababu walikwisha kuambiwa kwamba mpelelezi hodari husema hivyo.

Adui alikuwa karani wa ofisi, kijana nadhifu aliyeitwa Alute. Walianza mchezo wa kwanza. Antipasi alituma punje mbili nyumba ya kwanza, na kabla hajarusha dadu, Alute alikwisha kuisogeza njugu mawe yake hadi dirishani, mahali pa wazi kabisa. Ikafa. Nyumba ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu njugu mawe mbili zilitoka nje zenyewe na kusimama barabarani.

Antipasi aliweka dadu mezani.

"Kijana, kwa nini unasimama dirishani? Umesikia nimesema nini juu ya dirisha?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi rudi nyuma, kwenye giza. Nitakutafuta."

Alute alitupia jicho mlangoni, akainama na kusema kwa heshima. "Mzee, nimeagizwa nife kabla ya saa nne na nusu. Saa tano kuna kikao hapa."

Mgambo walikuwa wanangoja, kalamu mkononi. Antipasi aliutazama mji wa viberiti uliokuwa mbele yake, nyumba ishirini, kila moja tupu, kila moja imepangwa vizuri. Aliuliza kama katika nyumba hizi kuna bibi yeyote ambaye hakuhama. Wakaangaliana, wakasema hapana, hapa hawajaletewa maagizo ya bibi.

Akarusha dadu. Ikawa sita. Akarusha tena, na tena, na kufika saa nne na dakika ishirini alikuwa ameiteka Kiomboi yote bila kupoteza hata punje moja. Alute alimpongeza, akakusanya njugu mawe kwenye bakuli, akaleta fomu ya taarifa ambayo sehemu ya matokeo ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Antipasi aliisoma hadi mwisho, akaomba kalamu, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa, halafu akaenda kuuliza kama kuna gari la kwenda Singida siku ya Jumamosi, aunganishe hadi Mkhusi.